Karatasi Iliandikwa "Havijagundulika", Mimi Nikasoma "Vimekwisha"

Siku niliyoacha dawa nilikuwa mzima kuliko wakati wowote katika miaka kumi iliyotangulia. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi wakisikia fulani kaacha ARV humwona mlevi, mzembe, au mtu aliyekwisha kukata tamaa. Mimi sikuwa yeyote kati ya hao. Kopo lilikuwa na vidonge vya miezi miwili, kliniki walikuwa hawajanikosea kitu, na mume wangu alikuwa anaijua hali yangu tangu kabla hatujaoana. Mkononi nilikuwa na majibu ya kipimo cha wingi wa virusi, ya tano mfululizo, na kwa mara ya tano yameandikwa neno lile lile: havijagundulika. Nikayasoma kama mwanafunzi anavyosoma cheti. Usiku ule ilipolia kengele ya simu saa tatu, nikaizima, nikalala.

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu ya aibu. Lakini tangu yanikute nimekutana na watu wanne waliopiga hesabu kama yangu, wawili wao wamesoma kunizidi. Wote tulitumbukia shimo moja. Hakuna aliyekuwa ametueleza, au tulielezwa tusisikie, virusi vinakwenda wapi pale vinapoacha kuonekana kwenye damu.

Nirudi nyuma kidogo. Niligunduliwa na VVU nikiwa nimekaa navyo muda mrefu bila kujua: CD4 zangu, yaani seli za kinga ya mwili, 212, nimekonda, kinywa kimejaa utando mweupe. Nilianzishiwa dawa wiki hiyo hiyo, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake, mojawapo dolutegravir. Kipimo cha mwezi wa sita hakikuona kirusi. Uzito ukarudi, utando ukaisha, na mwaka wa nne CD4 zilifika 655. Sehemu hiyo haina mengi ya kusimulia.

Kidonge chenyewe hakikunisumbua tumbo wala kunizungusha kichwa. Kilichonichosha ni kukumbushwa kila usiku kwamba mimi ni mgonjwa, wakati mwili wangu hauna habari hiyo. Ukiwa na homa, dawa unaimeza kwa hamu. Ukiwa mzima, kidonge kinakuwa kama deni ambalo hukumbuki ulilikopa lini. Leo najua uchovu wa aina hii ni jambo ambalo mtu anaweza kumwambia daktari bila kuonekana msumbufu, na kwamba kwa baadhi ya watu ipo njia ya sindano, cabotegravir na rilpivirine, zinazochomwa kila baada ya miezi miwili. Wakati ule sikumwambia yeyote. Nilidhani kulalamika ni utovu wa shukrani.

Ndipo nikakutana na habari ya Wafaransa 14.

Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za watu 14, kundi linaloitwa VISCONTI, waliotumia ARV kwa miaka, wakaacha, na virusi vikabaki chini bila dawa. Nilisoma kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo. Mbele yake, ambako sikufika, palielezwa kwamba watu wale walianza dawa wiki chache tu tangu waambukizwe, virusi vikiwa bado havijajijengea maskani makubwa mwilini, na kwamba madaktari waliendelea kuwapima. Mimi nilianza baada ya miaka. Wao waliziba ufa. Mimi nilikuwa najenga ukuta. Basi nikachukua habari ya watu 14 wa dunia nzima, nikajihesabu wa 15.

Wiki ya kwanza bila dawa haikuwa na lolote. Wiki ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaanza kujipongeza kimoyomoyo, na hata nikawazia namna nitakavyomweleza mume wangu kwa mshangao wa furaha, maana naye sikuwa nimemwambia. Wiki ya tano nikapata homa ya siku nne, koo likawasha, tezi za shingoni zikavimba kama punje za maharage. Nikasema mafua. Ofisini nusu ya watu walikuwa na mafua.

Wiki ya saba ilikuwa tarehe yangu ya kliniki. Huko huhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa chooni nikavihesabu, nikatoa vilivyozidi, nikavitupa, hesabu ikalingana. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ya kila siku ni kuhakikisha kumbukumbu za watu hazichezewi, na nilighushi ya kwangu kwa mkono uliotulia kabisa.

Kwa bahati, au kwa mkosi kama nilivyoona siku ile, damu ilikuwa inatakiwa ichukuliwe. Majibu yalirudi baada ya wiki mbili: nakala 91,400 za virusi katika mililita moja ya damu. CD4 zilikuwa 410.

Daktari aliniuliza kama nameza dawa. Nikasema ndiyo, kila siku. Akaniuliza mara ya pili kwa namna nyingine, kama kuna dawa za kienyeji, kama natapika, kama nimehama saa. Nikasema hapana. Akavua miwani, akaanza kueleza kwamba basi huenda virusi vyangu vimekuwa sugu, kwamba itabidi nihamishiwe mstari wa pili wa dawa, vidonge vingi zaidi, vyenye maudhi zaidi, na kwamba ukishafika huko njia za mbele zinapungua. Alikuwa anaandika. Nilimwangalia akiandika kwenye faili langu habari ya tatizo ambalo sina, na hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Nikamwambia nimeacha wiki tisa zilizopita.

Hakunigombeza. Aliikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika nyingine juu yake, akasema, "Afadhali umesema. Ningekutibu ugonjwa wa mtu mwingine." Ningependa kila anayeficha alisikie hilo. Daktari anayeona virusi vimepanda ana maswali mawili tu makubwa: dawa zimeshindwa, au hazikumezwa. Ukimdanganya kwenye la pili, atalijibu la kwanza kwa uaminifu wote, na wewe ndiye utakayelipa.

Nililokuwa nalo mimi lilikuwa swali moja: vimetoka wapi? Miaka minne hakuna kirusi hata kimoja. Sijaambukizwa upya. Mume wangu hana VVU. Hivi 91,400 vimeota kutoka kwenye nini?

Muuguzi mmoja wa makamo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alinipeleka chumba cha pembeni. "Mdogo wangu," akasema, "hizi dawa tunaziitaje?" Nikamjibu, ARV. "Kwa Kiswahili." Nikasema dawa za kufubaza virusi. Akanyamaza, akaniacha nilisikie neno nililolitamka mwenyewe. Kufubaza. Nguo iliyofubaa haijatoweka, imepoteza ukali wa rangi tu. Miaka minne nilikuwa nalitaja neno lenye jibu ndani yake, silisikii.

Kisha akachora. Sitaweza kuchora hapa, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya kazi yangu, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa nilipofika nyumbani.

Kinga ya mwili ina seli ziitwazo CD4. Baadhi yake ni seli za kumbukumbu: zilikutana na maradhi fulani zamani, zikapigana nayo, sasa zimepumzika zikingoja siku maradhi yale yatakaporudi. Hayo ni mafaili yaliyofungwa. Yako kabatini, hayasomwi na mtu, lakini hayachomwi, kwa sababu siku moja yataitwa. Ndiyo maana mtu aliyeugua surua utotoni haiugui tena ukubwani.

Kirusi cha UKIMWI huingia kwenye seli ya CD4 na kufanya jambo ambalo virusi vya mafua havifanyi. Hugeuza maandishi yake yafanane na maandishi ya vinasaba vyetu, yaani DNA, halafu kwa kimeng'enya chake huyachomeka katikati ya DNA ya seli yenyewe. Ni ukurasa wa kughushi uliotiwa ndani ya faili halali, ukapewa namba, ukashonwa. Kuanzia hapo si mgeni tena.

Seli nyingi zinazopatwa na hilo hufa katika siku chache kwa sababu kirusi huzifanyisha kazi ya kutoa nakala mpaka zichoke. Chache sana huponyoka: zinapatwa wakati zinaelekea kupumzika, zinafungwa na ukurasa ule ukiwa ndani. Seli iliyopumzika haisomi maandishi yake mengi, na ukurasa wa kirusi nao hausomwi. Hakuna protini ya kirusi inayotengenezwa, hivyo askari wa kinga wakipita hawaoni cha kukishuku. Na dawa? ARV zote nilizowahi kumeza huzuia hatua za kirusi kinachofanya kazi: kugeuza maandishi na kujichomeka. Kilicholala hakiko kwenye hatua yoyote kati ya hizo. Dawa inasimama koridoni ikikamata karatasi zinazotoka. Kufungua makabati si kazi yake.

Na kipimo je? Hapa ndipo nilipojipiga paji la uso. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu virusi vinavyoelea kwenye majimaji ya damu. Hakihesabu maandishi yaliyochomekwa ndani ya seli. "Havijagundulika" maana yake ni kwamba korido ni safi, au vilivyopo ni vichache kuliko mashine inavyoweza kuona, mara nyingi chini ya nakala 50 kwa mililita. Karatasi yangu haikusema uongo hata mara moja katika miaka minne. Ni mimi niliyeiongezea neno.

Seli hizo huamka. Moja inaitwa kazini na maradhi fulani, nyingine inashtuka tu bila sababu inayojulikana, na ikiamka inasoma maandishi yake yote pamoja na ukurasa wa kughushi. Virusi vinatoka. Ukiwa kwenye dawa, vinatoka vikakuta mlango wa seli nyingine umefungwa, vinaishia hapo, na wewe huna habari. Jambo hilo lilikuwa likitokea mwilini mwangu miaka yote minne. Nilipoacha kidonge, vilitoka vikakuta pako wazi. Kwa watu wengi wanaoacha, virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne hivi. "Mafua" yangu ya wiki ya tano hayakuwa mafua.

Niliuliza swali la kijinga ambalo naona fahari kuwa nililiuliza: je, nikimeza vidonge viwili kwa siku? Muuguzi akacheka, kisha akaniambia watafiti nao waliliuliza. Waliwaongezea dawa watu ambao tayari virusi vyao vilikuwa vimefubazwa, na yale maficho hayakuisha. Ukishaweka walinzi wa kutosha koridoni, kuongeza wengine hakugusi kabati.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoiogopa.

Mimi na mume wangu hatukuwa tukitumia kondomu. Tuliacha kwa makubaliano, baada ya kuelezwa kliniki kwamba mtu ambaye virusi vyake havigunduliki haambukizi kwa njia ya kujamiiana. Hilo ni kweli, wala tukio langu haliligeuzi. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa kwa sehemu mbili 2016 na 2019, ulifuatilia mamia ya wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubazwa. Lakini kinga ile inatoka kwenye dawa inayomezwa, haitoki kwenye karatasi. Nilipoacha kumeza, ilianza kuyeyuka, na yeye hakujua.

Nilimwambia usiku ule ule. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Sijawahi kuona kitu kigumu kama kumwona mtu anayekupenda akihesabu kwa vidole siku ambazo huenda ulimwambukiza. Dawa za dharura za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mara yetu ya mwisho ilikuwa zaidi ya wiki iliyopita. Kilichobaki kilikuwa kupima na kungoja. Alipima siku iliyofuata: hana. Akapima baada ya wiki sita: hana. Akapima baada ya miezi mitatu: hana. Kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu tuliishi nyumba moja kama wapangaji wawili wenye heshima. Hakunitukana, na ningependelea angenitukana. Alichosema siku moja akiosha vyombo, bila kugeuka, ni hiki: "Ungeniambia umechoka, ningekuwa nakuletea na maji." Mpaka leo nikilikumbuka hilo koo linakauka.

Kwa hiyo kama unafikiria kuacha na una mwenza, mtu wa kwanza kuambiwa ni yeye, kabla hata ya daktari.

Nilirudishwa kwenye kidonge kile kile. Daktari alisema kama kuna usugu tutauona kwa virusi kukataa kushuka. Vilishuka: nakala 160 baada ya miezi mitatu, kisha chini ya 50. Nilikuwa na bahati, na bahati hiyo ina sababu. Zipo dawa za zamani kama efavirenz zinazokaa mwilini muda mrefu kuliko wenzake kwenye kidonge kimoja; ukiacha ghafla, wenzake wanatoka na yenyewe inabaki peke yake ikipambana na virusi vinavyoamka, na huo ndio mwalimu bora wa usugu. Kingine nilichoambiwa ambacho sikuwahi kukiwaza: tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye kidonge changu hudhibiti pia homa ya ini aina B. Mwenye maradhi hayo mawili akiacha, ini linaweza kuwaka. Mimi sina, lakini sikulijua hilo nilipoacha.

CD4 hazikurudi haraka. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa 580. Wiki tisa za kuacha, mwaka mzima wa kurudi, na bado sijafika nilipokuwa. Watafiti walikwisha kupima kwa ukubwa kabisa kile nilichokifanya mimi kienyeji. Utafiti ulioitwa SMART uliwachukua watu 5,472 katika nchi nyingi, nusu wakameza dawa mfululizo, nusu wakawa wanaacha CD4 zikiwa juu na kuanza tena zikishuka. Mwaka 2006 iliamuliwa watu wasiingizwe tena, kwa sababu waliokuwa wakipumzika walipatwa na magonjwa nyemelezi na vifo zaidi ya mara mbili ya wenzao, na hata maradhi ya moyo, figo na ini yalikuwa mengi upande wao. Miaka mingi kabla sijazima ile kengele, jibu lilikuwa limeandikwa.

Nilipopata nguvu ya kusoma, nilisoma kwa hasira, nikitaka kujua nani mwingine alidanganywa na kimya. Nikakuta niko katika kundi kubwa. Katikati ya miaka ya 1990, ARV za mseto zilipoanza kuleta maajabu, walikuwepo wanasayansi waliokokotoa kwamba miaka miwili hadi mitatu ya dawa huenda ikatosha kuvimaliza virusi. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti, moja likiwa la Robert Siliciano wa Johns Hopkins kule Marekani, yakaonyesha kwamba hata kwa watu ambao damu yao ni safi, seli zilizopumzika zikiamshwa maabara hutoa virusi hai. Ni kama seli moja tu katika milioni ya CD4 zilizopumzika. Ukisikia moja katika milioni unapumua. Halafu unaambiwa maficho hayo hupungua nusu kila baada ya miezi 44 hivi, na kwamba kwa mwendo huo kuyamaliza kwa ARV peke yake kungechukua zaidi ya miaka 73. Nikakunja gazeti.

Wala kasi hiyo ya kupungua si kwa sababu seli ni wavivu wa kufa. Seli ya kumbukumbu hujigawa ili kundi lake lisiishe, na inapojigawa hunakili kila kitu kilichomo ndani yake. Faili linatolewa nakala pamoja na ukurasa wa kughushi, bila kirusi kufanya kazi yoyote. Kitu kimoja kinachotupunguzia makali ni kwamba kurasa nyingi za aina hiyo ni mbovu, zaidi ya asilimia 90, zimekatika au zimeharibika herufi, haziwezi kutoa kirusi kizima. Ugumu ni kuzitofautisha na zile chache nzima. Na sehemu kubwa ya hayo yote haiko kwenye damu inayochukuliwa mkononi. Iko kwenye tezi za limfu na kuta za utumbo.

Habari iliyonigusa kuliko zote ni ya mtoto wa Mississippi, aliyezaliwa 2010 na mama mwenye VVU. Alianzishiwa dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa, akazitumia mpaka umri wa mwaka mmoja na nusu, kisha zikakatika. Madaktari walipompata tena hawakuona kirusi, na dunia ikatangaziwa mtoto aliyepona. Alikaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kwenye damu. Julai 2014 ikatangazwa kwamba vimerudi. Wanaume wawili wa Boston waliopandikizwa uboho kwa sababu ya saratani nao waliacha dawa chini ya uangalizi. Mmoja virusi vilirudi baada ya wiki 12, mwingine baada ya 32, wakati vipimo vyote vya kabla yake vilikuwa havioni kitu. Kama vipimo vikali vya watafiti vilishindwa kuona, karatasi yangu ya kliniki ingeona nini?

Wapo waliopona kweli, na si vizuri kuwaficha. Timothy Ray Brown alipandikizwa uboho Berlin 2007 na 2008 akiugua saratani ya damu, kutoka kwa mchangiaji ambaye seli zake hazina CCR5, mlango ambao VVU wengi hutumia kuingilia. Alifariki 2020 kwa saratani ile kurudi, bila VVU. Adam Castillejo wa London alifuata njia kama hiyo, na baada yake wengine wachache. Ila ni matibabu yanayoweza kuua, na wale waliyakubali kwa sababu saratani ilikuwa inawaua tayari. Kwa mtu anayemeza kidonge kimoja na kwenda kazini, hakuna daktari atakayeyapendekeza. Njia nyingine zinajaribiwa: kuziamsha seli zilizolala kwa dawa ili kinga izione na kuziua, au kinyume chake, kuzifungia zilale zisiamke tena. Zile za kuamsha zilizojaribiwa kwa watu zimeamsha kweli, lakini maficho hayakupungua ipasavyo. Nafuatilia. Safari hii nasoma mpaka aya ya mwisho.

Elimu hii imenipa kitu kimoja cha vitendo ambacho sikukitarajia: sidanganyiki na wauza tiba. Kila mara huonekana mtu mwenye chupa ya majani na karatasi ya mteja iliyoandikwa "havijagundulika" kama ushahidi. Swali langu ni moja tu. Mteja huyo alikuwa anameza ARV wakati anapimwa? Kama ndiyo, karatasi inasifu ARV, haiisifu chupa.

Na mwaka jana kipimo changu kilirudi na nakala 110. Zamani ningezimia. Nilimpigia muuguzi yule, akaniuliza kama nimeruka vidonge, nikamwambia ukweli kwamba sijaruka, akasema mruko mmoja mdogo hutokea hata kwa wanaomeza vizuri, turudie. Tukarudia. Chini ya 50. Pengine ilikuwa seli moja imefungua kabati lake na walinzi wakaokota karatasi, au mashine tu.

Kengele ya saa tatu bado inalia. Nimebadilisha jina lake kwenye simu. Zamani iliandikwa "dawa", sasa imeandikwa "Masjala". Wafanyakazi wenzangu walioiona wanadhani nimekuwa mtumwa wa kazi, nami siwasahihishi. Mume wangu akiwa nyumbani, anaisikia kabla yangu. Huja na glasi ya maji, huiweka, na hasemi kitu.